Mji wa kanga na jina la Siti: jinsi wanawake wa Unguja walivyotutunzia kumbukumbu



Mgeni akifika Unguja akauliza historia yetu iko wapi, mara nyingi tunamwonyesha mawe. Tunampeleka Ngome Kongwe, tunamwonyesha milango ya kuchonga, tunampitisha vichochoro vya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Na si vibaya, mawe nayo yana habari zake. Lakini tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Siku ile wengi wetu tulilia kana kwamba tumefiwa na mzee wa ukoo.

Msiba ule uliacha swali. Kama historia yetu yote tumeiweka ndani ya kuta, ukuta ukianguka tunabaki na nini? La pili ni zito zaidi. Bibi zetu wengi hawakukaa majumba ya kifalme. Walilima, walifinyanga, walichota maji, walibeba mizigo, walilea watoto wa wengine. Majina yao hayakuchongwa mlangoni. Habari zao tutazipata wapi?

Leo nataka tuzitafute mahali ambapo wanawake wenyewe waliziweka: katika wimbo, katika kanga, na katika picha za kuchora. Tutaanza na mtoto mmoja wa Fumba.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara na ya utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Tusilipite haraka jina hilo. Mtoto anazaliwa, anafunguliwa mlango wa dunia, na neno la kwanza analobandikwa ni hali ya kumilikiwa na mtu. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukumaanisha kwamba watu wako huru. Amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na hata hiyo haikuwagusa masuria mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo Mtumwa binti Saad alikulia katika kisiwa ambacho uhuru ulikuwa unakuja polepole, na kwa wanawake ulichelewa zaidi kuliko kwa wanaume.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa ufinyanzi. Alijifunza kutengeneza vyungu na mitungi, akavibeba kichwani na kwenda kuviuza mjini. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilijulikana kwanza njiani, akinadi bidhaa zake, watu wakijua kuwa anakuja kabla hawajamwona. Hakuwa na mwalimu wa muziki wala ala. Alikuwa na udongo wa Fumba kichwani na njia ndefu mbele yake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba na kufuata ala, akiwemo Ali Muhsin wa kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Baadaye akawa na kundi lake, na ndani yake Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruk, wengi wao wakiwa watu wa kawaida kama yeye. Ndipo watu walipoanza kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Kutoka Mtumwa hadi Siti. Sijui safari ndefu kuliko hiyo iliyowahi kutembewa kwa miguu kutoka Fumba.

Taarab yashuka kutoka jumba la mfalme

Ili tuelewe alichokifanya Siti, lazima tukumbuke taarab ilikuwa wapi kabla yake. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda sana muziki wa Misri, akawaleta wanamuziki kutoka huko, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kanuni. Muziki huo ulipigwa kwenye kasri na kuimbwa kwa Kiarabu. Aliyekuwa nje ya ukuta aliusikia kwa mbali tu.

Siti aliuchukua muziki huo akauimba kwa Kiswahili, na akauleta Ng'ambo.

Wale mnaoishi mjini mnaijua Ng'ambo, lakini wasomaji wa bara huenda wakauliza ni ng'ambo ya nini. Zamani palikuwa na ghuba ndogo ya maji iliyotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Jina Darajani limebaki ingawa maji hayapo tena, yalifukiwa. Upande huu wakikaa matajiri, mabwana na maofisa katika nyumba za mawe. Upande ule wakikaa wachukuzi, wafinyanzi, washonaji, wavuvi na watumwa walioachwa huru, katika nyumba za udongo na makuti. Kuitwa mtu wa ng'ambo kulikuwa kunapima umbali wako kutoka kwa wenye nguvu.

Watu wa Ng'ambo walikuwa na mambo yao ya kusema. Mwaka 1928 walifanya mgomo wa kukataa kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka huohuo Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki ambao sauti zao ziliwekwa kwenye sahani na kuuzwa. Sahani hizo zilisambaa pwani na bara, zikasikilizwa kwenye baraza na kwenye mikahawa. Mtu aliyekuwa mbali na Unguja aliweza kukisikia kisiwa kwa lafudhi yake, na mitaa yake ikitajwa kwa majina.

Angalia wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe, unaojulikana sana mpaka leo. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo. Si kasri wala bustani ya mfalme. Ni mtaa, na chakula cha watu wa kawaida. Kuuweka mtaa huo katika wimbo kulikuwa sawa na kusema kwamba na hapa pia ni mahali, na hapa pia wanaishi watu.

Wimbo uliotunza kesi

Kuna wimbo mwingine wa Siti ambao kila mwanamke wa kisiwa hiki anapaswa kujua habari yake. Unaitwa Kijiti, na Kijiti ni jina la mwanamume. Unasimulia tukio la kweli: mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, tena mja mzito, alitoka usiku pamoja na watu kwenda kwenye starehe, na mwanamume huyo akamuua. Muuaji alikimbilia bara. Waliobaki mikononi mwa mahakama ni wanawake waliokuwa nao usiku ule, na wao ndio walioadhibiwa.

Fikiri kama habari hiyo ingeachwa ipite. Ingebaki ndani ya majalada ya mahakama ya kikoloni, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, katika ofisi ambayo bibi zetu hawakuwa na ruhusa ya kuingia. Siti na wenzake waliichukua wakaiweka mahali ambapo kila mtu angeisikia. Waliosikiliza walijua kwamba mwanamke aliuawa, muuaji yuko huru, na mashahidi ndio waliofungwa. Hakukuwa na gazeti la wanawake wakati huo, na wimbo ulifanya kazi hiyo.

Ndiyo maana Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliposhika kalamu kuanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Walijua wanamrithi nani.

Siti mwenyewe alitukanwa sana. Waliomwonea gere walimcheka asili yake, sura yake, na vyungu vyake vya udongo. Alijibu kwa wimbo, akasema maana yake kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla hajafa, mwandishi Shaaban Robert alimtembelea, kisha akaandika kitabu kizima juu ya maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba aliyeitwa Mtumwa ndiye mwanamke aliyeandikiwa wasifu na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu.

Baada yake alikuja Fatuma binti Baraka, tunayemwita Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni na kuwafunda wasichana wengi katika unyago. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 ilikuwa kama maktaba imefungwa. Lakini wapo waliojifunza kwake, na mnyororo haujakatika.

Kanga ina mji

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kabatini.

Wakati wa utumwa, nguo ilimtangaza mtu. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba ya kawaida isiyo na rangi, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Wanawake wa tabaka la juu walivaa hariri, na wengine barakoa usoni. Ulimtazama mtu ukajua nafasi yake bila kumuuliza.

Kanga ilitokea katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na asili yake husimuliwa hivi: wanawake wa pwani walinunua leso, zile zilizoletwa na Wareno, zikiwa bado pamoja kwenye jora, wakakata sita na kuziunga ziwe nguo moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta nguo iliyochapwa nzima, na madoadoa yake yakafananishwa na ndege kanga. Kwa wanawake walioachwa huru, kununua kanga kulikuwa jambo kubwa. Mwanamke aliyevishwa na bwana sasa alichagua mwenyewe rangi, maua na maneno.

Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wanamtaja mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, anayejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na alama ya Mali ya Abdulla bado iko kwenye kanga zetu. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kanga zilichapwa Ulaya, baadaye India na Japani, na baada ya uhuru viwanda vyetu kama Urafiki cha Dar es Salaam vikaingia kazini.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina. Bibi zetu wangeweza kuiita ile sehemu ya katikati ua au picha. Waliiita mji. Na maneno hawakuyaita maandishi, waliyaita jina. Kwa hiyo kila mwanamke anayejifunga kanga amebeba mji wenye mipaka na wenye jina, anauvaa sokoni, anaufungia mtoto mgongoni.

Jina la kanga linasema yale ambayo mdomo hauwezi. Mke anamwonya jirani kwa Usisafirie nyota ya mwenzio. Mama anamshukuru mwanawe kwa Wema hauozi. Kanga inampokea mtoto anapozaliwa, inatunzwa harusini, na inamsitiri maiti anapooshwa. Ukizikusanya kanga za bibi mmoja kutoka sandukuni ukazipanga kwa miaka, umepata maisha yake: nani alimpenda, nani alimuudhi, lini alifurahi, lini alifiwa.

Mchoraji aliyeondoka akiwa mchanga

Mwaka 1954 alizaliwa Unguja mtoto wa kike aliyepewa jina la Lubaina Himid. Baba yake alifariki kwa malaria Lubaina akiwa na miezi michache tu, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa nguo, akarudi naye London. Alikulia huko, hana kumbukumbu yake mwenyewe ya kisiwa alikozaliwa.

Mtu angesema huyo si wetu tena. Lakini tazama kazi zake. Katika miaka ya 1990 alirudi kutazama alikozaliwa, na baada ya hapo akachora mfululizo aliouita Zanzibar. Amechora pia kazi zenye umbo la kanga, zikiwa na pindo, picha na maneno machache. Alichokosa katika kumbukumbu alikitafuta katika nguo. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na umri wake ulikuwa miaka 63.

Kazi yake moja ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Inaitwa Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni sanamu bapa 100 za mbao zilizochorwa kwa rangi kali, zenye ukubwa wa mtu, zimesimama ukumbini mgeni anapita katikati yao. Ni Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, waganga wa mitishamba. Nyuma ya kila mmoja kuna karatasi ya hesabu, kama ile ya dukani, na maneno machache yanayomtaja kwa jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayolazimishwa sasa, na kitu kimoja kidogo ambacho bado ni chake. Himid ameikabidhi kazi hiyo kwa makumbusho ya Liverpool, mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa.

Wafinyanzi wakiwemo. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Mtumwa wa Fumba na vyungu vyake. Yeye pia alikuwa na majina mawili, na kwa rehema ya Mungu lile la heshima ndilo lililobaki.

Majina tunayoyaficha

Dada zangu, tuseme ukweli. Katika visiwa vyetu kuna familia nyingi ambazo nasaba inahesabiwa vizuri mpaka inapofika kwa bibi fulani, kisha inanyamaza. Alitoka wapi? Bara. Bara wapi? Mazungumzo yanabadilishwa. Tunajua kwa nini. Alinunuliwa, au alikuwa suria, na tumefundishwa kuona aibu.

Aibu ni ya nani? Yeye hakumuuza mtu. Yeye hakumteka mtu. Dini yetu inatufundisha katika Surat al-Hujurat kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi, na katika sura hiyohiyo tumekatazwa kuitana kwa majina mabaya. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiyabadilisha majina yenye maana mbaya. Na aliyepewa heshima ya kuadhini alikuwa Bilal, mtu aliyekuwa mtumwa. Basi sisi tunamfichaje bibi aliyetuzaa?

Wako watakaosema nyimbo za taarab si za kujivunia. Masheikh wetu wana maelezo yao kuhusu muziki, na kila mmoja amuulize anayemwamini. Lakini kujua habari za Siti si lazima kuweka santuri. Historia ya mwanamke aliyetoka kwenye jina la Mtumwa akawasemea wanyonge ni haki ya kila binti wa kisiwa hiki, anayesikiliza nyimbo na asiyesikiliza.

La kufanya wiki hii

Wasanii hawa wote walianza na kilichokuwa karibu nao: udongo, mtaa, nguo, jina. Nasi tunaweza. Kama bibi yako yuko hai, kaa naye alasiri moja, umletee chai, na muulize haya taratibu:

- Mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake?
- Mtaa au kijiji alichozaliwa kiliitwaje zamani?
- Kanga ipi hawezi kuitoa, jina lake ni lipi, na alipewa na nani?
- Ni wimbo, kasida au hadithi gani aliyoisikia kwa mama yake?

Mrekodi kwa simu akikubali. Andika majina kamili na nakala iweke kwa ndugu mwingine, maana simu huanguka na kuharibika. Akifika mahali akanyamaza, usimlazimishe. Mwambie tu kwamba hakuna jina katika ukoo wenu unaloliona aibu. Huenda siku nyingine akaendelea mwenyewe.

Allah awarehemu bibi zetu waliotutangulia, wenye majina yaliyojulikana na wasiojulikana, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana yao. Amin.